Miji Niliyoitoa Kizuizini

Usingizi unanikuta nimeketi kwenye benchi la mbao kando ya kizuizi cha barabarani, saa saba mchana, kitambulisho changu kikiwa mfukoni mwa mtu mwingine. Si usingizi wa kulala, ni ule wa joto, unaoanzia kwenye kope na kushuka hadi magotini, na huku ukishuka bado nasikia basi letu likinguruma pale mbele, abiria wenzangu wakisubiri ndani, wengine wakinitazama kupitia madirishani kama mtu anavyomtazama mgonjwa asiyemhusu. Tumeshushwa wawili tu. Askari alipanda, akatembea polepole kati ya viti, akawapita walimu wenzangu ninaosafiri nao, akampita bwana mmoja aliyesema kitambulisho chake amekisahau nyumbani, akaambiwa siku nyingine asisahau, kisha akaja akasimama kwangu. Wewe wa kitambaa, shuka. Nilimwonyesha kitambulisho. Nikamwambia naitwa Ubah Guled, mwalimu wa Kiswahili, miaka kumi na mmoja darasani, naenda kusahihisha mitihani pamoja na hawa wenzangu. Mwalimu Cherotich, aliyekuwa ameketi ubavuni mwangu tangu asubuhi, ambaye tulikuwa tumekula pamoja mayai yake na sambusa zangu, alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba wake, na akaendelea kukitafuta. Askari alikisoma kitambulisho, akakigeuza, akakikwaruza kwa ukucha aone kama rangi itatoka. Siku hizi hata hivi vinatengenezwa, akasema.

Wa pili kushushwa alikuwa bikizee mwembamba aliyekuwa kiti cha nyuma kabisa, na yeye kitambulisho hakuwa nacho. Alipoulizwa anatoka wapi alijibu kwa Kisomali, taratibu, kwa adabu, kana kwamba askari ni mgeni aliyepiga hodi kwake. Askari akanigeukia. Huyu anasema nini? Nami nilijua anasema nini. Alikuwa anasema anakwenda kumwona bintiye aliyejifungua, na kwamba ana kiu. Lakini niliona wazi kwamba nikikifungua kinywa changu kwa lugha ile tutakuwa kitu kimoja, yeye asiye na karatasi na mimi mwenye karatasi ya kukwaruzwa, na kwamba miaka yangu kumi na mmoja ya ubao na chaki itamwagika pale pale kwenye vumbi. Nikasema, Sijui, afande, mimi lugha yake siifahamu. Nililisema kwa Kiswahili safi, kila silabi mahali pake. Bikizee alinitazama. Na bado tuliwekwa kwenye benchi moja, mimi huku, yeye kule, katikati yetu nafasi ya mtu mmoja, naye askari akaingia na kitambulisho changu ndani ya hema.

Sasa kizuizi kinainuka. Kinainuka chenyewe, bila mkono wa mtu, na ile miiba ya chuma waliyoitandaza barabarani imelala chini laini kama nyasi zilizopigwa na mvua. Nasimama. Hakuna anayenikataza. Napita chini ya kile chuma na barabara iliyo mbele yangu ni nyeupe, imenyooka, halafu inajigawa, na kila tawi nikilifuata linanirudisha kwenye benchi, na kila nikirudi benchi ni tupu, na naondoka tena. Sijui nimekwenda mara ngapi ninapomkuta mtu anayenisubiri. Amevaa sare na kofia, na chini ya kofia hakuna kitu, ngozi tu, laini kama kibuyu kilichosuguliwa, hana macho wala pua, ila nahisi ananiangalia. Namuuliza barabara hii inaenda wapi. Barabara haiendi, anasema, wanaokwenda ni watu. Namuuliza basi mimi naenda wapi. Ananigeuzia ule uso usiokuwepo na kusema, Kitendawili. Na ulimi wangu, uliofundisha fasihi simulizi asubuhi ngapi sijui, unajibu kabla yangu, Tega.

Nyumba yangu ina mlango mmoja, anasema, wageni wote wanaujua, mwenyewe sijawahi kuuona. Nawaza kaburi, namwambia kaburi, anatikisa kichwa. Nawaza kisogo, namwambia kisogo, anatikisa. Barabara inaanza kupungua upana huku nikiwaza, na ninaona nisipojibu upesi hapatabaki hata pa kukanyaga, basi nasema nimeshindwa. Nipe mji, anasema. Ndivyo ulivyo mchezo, anayeshindwa hutoa mji, nimewafundisha watoto mia kadhaa wakigawa miji kwa kicheko, wakitoa Nakuru, wakitoa Dodoma, na kengele ikilia kila mtu anarudi kwao. Nampa Kitale, ninakofundisha. Anaupokea kwa mikono miwili. Nilikwenda Kitale, anasema, wakanipa mahindi ya kuchoma na blanketi la baridi, wakaniuliza jibu, nikawaambia ni uso. Na anapolisema hilo Kitale inanitoka. Naisikia ikitoka. Darasa la saba linafutika kuanzia dawati la mbele, majina ya wanafunzi yanaondoka moja baada ya lingine, ukungu wa asubuhi, njia ya nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, kikombe changu chenye mpini uliovunjika, hadi nabaki najua tu kwamba kuna mahali niliwahi kuwa na meza.

Ananiongoza. Tunapita kwenye barabara yenye madirisha pande zote mbili, bila nyumba, madirisha matupu yamesimama kama fremu za picha, na kila dirisha lina mtu ambaye namjua kwa sauti ingawa uso simuoni. Ulikuja lini? anauliza wa kwanza. Ni bawabu wa duka kubwa la kule nilikokusahau, yule anayefungua mkoba wangu na kuacha ya wengine. Sikuja, namwambia, nilizaliwa huku. Ulikuja lini? anauliza wa pili, na huyo ni mwenye nyumba niliyowahi kutaka kupanga, aliyesema kwenye simu kwamba chumba kipo na aliponiona akakumbuka kwamba kimechukuliwa. Wa tatu ni mkaguzi wa elimu, hana ubaya, ananishika mkono na kunisifu, Mwalimu, jamani, Kiswahili chako kizuri namna hii, ulijifunzia wapi? Namwambia nilijifunzia pale wewe ulipojifunzia. Anacheka, anafurahi, anasema, Ndiyo, lakini ulikuja lini? Nami natembea na kuwaeleza, dirisha baada ya dirisha, mambo ambayo hawakuniuliza. Nawaeleza kwamba nimejipunguza. Nilianza na vitambaa, nikaacha vyeusi nikavaa vya maua. Nikaacha uturi wa mama. Nikajifunza kucheka upesi mtu akisema nyinyi watu. Na mama yangu akinipigia simu nikiwa ofisini mwa walimu, namkatisha, namwambia kwa Kiswahili nitakupigia baadaye, naye mama Kiswahili chake ni cha sokoni, anasema kwa upole, sawa, mwalimu. Ananiita mwalimu. Sikumbuki lini mara ya mwisho aliniita binti. Watu wa madirishani wanasikiliza mpaka nimalize, na wanatikisa vichwa kwa huruma, na wanauliza tena.

Kitendawili, anasema kiongozi wangu. Tega. Nikikitoa naonekana, nikikificha napotea. Najibu taa, si taa. Najibu moto, si moto. Najua jibu liko karibu, liko mdomoni mwangu kabisa, nalisikia likigonga meno, lakini kila nikitaka kulitema linarudi nyuma. Nipe mji. Nampa Lamu, ambako sijawahi kufika. Anaurudisha. Mji usio wako hautolewi, anasema. Nampa Arusha, anaurudisha. Natafuta. Nina mmoja tu uliobaki na yeye anajua ninao. Nataka nisiutoe, nasimama katikati ya barabara nyeupe nikiwa nimekunja mikono kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, na barabara inapungua, inapungua, inafika kwenye vidole vya miguu. Natoa Wajir. Naitoa pamoja na kuta zake za chokaa, na visima, na boza la maji, lile lori la tangi ambalo baba yangu aliliendesha miaka ishirini, akitoka kabla ya jua na kurudi nguo zake zikinuka vumbi lililolowa. Naitoa na sauti yake akituita mlangoni, Guled Hirsi, aliyekuwa akitembea na vitambulisho viwili mfuko wa shati, kile cha watu wote na ile kadi ya kuchujwa uraia ambayo sisi Wasomali peke yetu tulipewa, vyote ndani ya plastiki moja, na usiku wa kufa kwake aliuliza kama vipo. Kiongozi anapokea yote hayo. Hayamlemei. Nilikwenda Wajir, anasema, nikanywa maji ya kisima, wakaniuliza jibu, nikawaambia ni ulimi.

Na mji nilioutoa ndio anaoniingiza. Siujui, ila miguu inaujua, inakata kona bila kuniuliza. Kuta zote ni vioo. Pale ambapo pengine palikuwa na chokaa pana kioo, milango vioo, hata ardhi inang'aa, na mbele ya kila kioo ameketi mtu asiye na uso, na karatasi mapajani, anaandika. Nakwenda kwenye kioo cha kwanza. Naona kitambaa kimesimama wima, kimefungwa vizuri kichwani pasipo kichwa. Nakwenda cha pili, naona mwanamke anayefanana na picha ya kitambulisho, bapa, hawezi kugeuka upande. Cha tatu kina mwalimu mzuri, amesimama mbele ya ubao, ananyoosha kidole, na hana mdomo. Namuuliza mwandishi wa kioo hicho huyu ni nani. Anapitia karatasi zake na kusema, Hujajazwa bado. Nakimbia. Katika kioo kirefu cha mwisho wa njia kuna mzee wa makamo, shati lake limejaa vumbi, ananipungia mkono, na anasema kitu, anakirudia, midomo yake inakwenda na kurudi, na mimi nabandika sikio kwenye kioo na ninasikia sauti lakini si maneno, kama redio ya nyumba ya pili. Namwambia, Mzee, sema kwa Kiswahili. Anashusha mkono. Anapapasa mfuko wa shati. Ndipo moyo unanilipuka, kwa sababu mfuko ule naujua, na jina la mwenye mfuko silipati.

Naketi chini kwenye ile ardhi ya kioo. Katikati ya mji kuna kisima, na kando ya kisima yupo bikizee wa basini, ameketi kama alivyoketi kwenye benchi, na katikati yetu kuna nafasi ya mtu mmoja. Yeye ana uso. Ndiye peke yake katika mji huu mwenye uso, wenye mikunjo, wenye jasho juu ya mdomo, na jicho moja lina utando. Ananiambia kitu. Kiongozi amesimama nyuma yangu, namsikia akipumua bila pua. Unamjua huyu? ananiuliza. Anasema nini? Nasikiliza. Nasikiliza kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayesikiliza mlangoni mwa mgonjwa. Ni sauti tu, inapanda na kushuka, nzuri, ya mbali. Sijui, nasema. Lugha yake siifahamu. Na ninaposema nasikia kwamba ni yale yale niliyoyasema mchana, silabi kwa silabi, ila safari hii ni kweli. Uongo wangu umekuwa kweli. Kiongozi anaridhika. Anatoa kalamu.

Nalia, na kulia kwenyewe hakuna lugha. Bikizee anaijaza ile nafasi iliyo kati yetu, anasogea, ananishika kifundo cha mkono na kuupeleka mkono wangu ndani ya ndoo. Kuna ubaridi wa maji. Biyo, anasema. Ananitazama. Anautoa mkono wangu, anaurudisha. Biyo. Ndivyo anavyofunzwa mtoto ambaye hajaota meno. Nasema, biyo. Halitoki vizuri. Nasema tena, na neno linashuka kifuani na kugusa kitu kilichokuwa kimelala, na nyuma yake yanaanza kuja mengine, machache, yakisitasita kama mbuzi wanaorudi zizini baada ya fisi. Namgeukia kiongozi. Bado nimeketi, mkono wangu unachuruzika. Kitendawili, namwambia. Anasimamisha kalamu. Nadhani hajawahi kutegewa. Waandishi wote wa vioo wanainua vichwa vyao, kisha yeye anasema, kwa sauti ndogo kuliko aliyokuwa nayo, Tega.

Anaulizwa alikuja lini, naye hajawahi kutoka, namtegea. Anawaza. Anasema jiwe. Si jiwe. Anasema kaburi. Si kaburi. Anavua kofia, anapangusa ule utupu kwa kiganja, anasema mlima, na mimi natikisa kichwa na ninaona ardhi ya kioo ikimpungukia miguuni. Nipe mji, namwambia. Anapapasa mifuko yake, mfuko hadi mfuko. Mimi sina mji, anasema. Wangu niliutoa zamani, siku ya kwanza kazini, nilionao ni wa watu. Namwambia basi atoe wa watu. Na ninapoupokea, mzima, mzito, na vumbi lake na chokaa yake, sijui ninasema kwa lugha gani ila nasema, Nilikwenda Wajir, nikamkuta Guled Hirsi akishuka kwenye boza la maji, akaniuliza jibu, nikamwambia ni mimi. Vioo havivunjiki. Vinafifia tu, vinakuwa kuta. Na bikizee yule bado ameushika mkono wangu, na sauti yake, ambayo ilikuwa ya mbali, iko karibu, ya kawaida kabisa, ya mama mtu mzima aliyechoka na safari. Binti yangu, anasema, nilikuomba maji tu. Sikukuomba unibebe.

Mtu ananigusa bega. Ni utingo wa basi, ameinama, anasema, Mwalimu, amka, umepona, twende. Askari amesimama mbele yangu na kitambulisho amekinyoosha. Naangalia kwanza chini ya kofia. Kuna uso, wa kijana wa miaka ishirini na kitu, wenye chunusi, wenye usingizi kuliko mimi. Uko sawa, madam, anasema, tulikuwa tunahakikisha, hata sisi tuna wakubwa. Panda basi. Nakipokea. Plastiki yake ina joto la mfuko. Cherotich ananipungia kupitia dirishani, haraka haraka, kwa uso wa mtu anayetaka kusamehewa kabla ya kuulizwa, na dereva anapiga honi. Bikizee yuko mwisho wa benchi. Midomo yake imekauka, imepasuka kwenye pembe. Haniangalii. Amekwisha kunijua mimi ni nani, hana haja ya kuniangalia tena.

Natoa chupa yangu ya maji kwenye mkoba, nasogea kwenye benchi, nampa, na ninamwita Ayeeyo, nyanya, neno ambalo sijalitamka mbele ya mgeni kwa miaka. Anakunywa akiwa amefumba macho. Askari ananitazama. Ulisema hujui lugha yake, anasema. Namwambia nilisema hivyo, ndiyo, na nilisema uongo. Anauliza kwa nini. Namwambia, Niliogopa utatuona ni mtu mmoja. Nasubiri akasirike, ana haki ya kukasirika, kumdanganya askari si jambo dogo na kitambulisho bado kinaweza kurudi mfukoni mwake. Utingo anamtazama yeye, ananitazama mimi, kisha, akiona sipandi, anapanda juu ya paa, anateremsha begi langu na kifurushi cha bikizee, anaviweka kando ya benchi. Basi linaondoka. Vumbi lake linakaa hewani kwa muda mrefu mno, na kwa muda huo wote hatuonani, na najiuliza kama likitulia nitaukuta mji wa vioo.

Linapotulia, askari amevuta kiti. Ana daftari. Muulize jina lake, anasema. Namuuliza. Anaitwa Dahabo Mire. Muulize alizaliwa mwaka gani. Mwaka hajui, namfasiria, anajua ulikuwa mwaka ambao ngamia walipata ugonjwa wa miguu. Askari anaandika kitu. Jasho linamtiririka, na jua liko nyuma ya kofia yake kiasi kwamba kila nikiinua macho uso wake unapotea, unarudi, unapotea. Muulize alizaliwa wapi. Hapo Dahabo Mire anacheka, kicheko kifupi cha mtu anayesikia swali la mtoto. Anafunga kifuniko cha chupa. Anainua fimbo yake na kuonyesha ardhi, mahali askari alipokiweka kiti chake, na anaeleza bila haraka, nami naeleza nyuma yake, bila kujua tena ni sauti ipi inayotangulia, yake au yangu. Anasema alizaliwa hapo. Hapo hasa, chini ya viatu vyako, afande, nyumba ya mama yake ilikuwa hapo kabla ya barabara, na ilikuwa na mkeka wa ukindu, na mlango wake ulitazama kule kunakotoka upepo.

Askari haandiki. Anaangalia chini. Anainuka, anainua mguu mmoja, anauweka pembeni, anainua na wa pili, taratibu, kama mtu aliyeambiwa kwamba amekanyaga mkeka wa watu na viatu, na anasimama kule kando akitazama ule mchanga mtupu. Wala mimi siwezi kusema kwamba nimeamka, kwa sababu katika maisha yangu yote, kwenye vizuizi vyote nilivyoshushwa, sijawahi kumwona askari akifanya hivyo.